Jina Langu Zima Kwenye Kaseti

Ibra, Oman
Ijumaa, baada ya sala

Kwa dada yangu Zuwena,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute umekaa kitako na buli lako la chai, na lile goti halikusumbui. Shemeji kifua chake vipi? Watoto wanasoma, au bado wanaumwa tumbo kila asubuhi ya shule? Mimi mzima, nakula na nalala. Ukiona mwandiko umekaa upande, naandikia juu ya sanduku, meza sina. Nimehama kwa Ami Hamad. Sasa nakaa kwenye nyumba za wafanyakazi wa hospitali, chumba kimoja, na nitakueleza sababu kabla hujaanza kulia.

Barua yako nimeipata, nikaisoma mara mbili. Umeniambia niache gitaa, nikamwangukie Ami miguuni, nisije nikaiharibu posa ya binti yake, Asila. Najua si maneno yako yote, maana mengine nayatambua ni ya Ami mwenyewe, kakuandikia na wewe ukanakili. Basi nisikilize na mimi. Jibu nakupa mapema usije ukasoma roho juu: gitaa siachi.

Ilianza na amplifaya, ile mashine ya kukuzia sauti ya gitaa. Pale hospitali mimi ndiye fundi umeme, na mwaka jana nesi mmoja, Brida, akaniletea yake imekufa. Brida ni mtu wa Ireland. Mimi nikamwita Mwingereza, akaninunia siku nzima. Kumbe wao kuitwa Waingereza ni kama sisi hapa kuulizwa kama kweli ni Waarabu. Nikaifungua ile mashine, nikakuta mchanga na mjusi aliyekauka. Nilipomaliza kuitengeneza nikataka kuijaribu, nikachukua gitaa lake, na vidole vikaenda vinakokujua, kwenye kile kipande cha udi alichokuwa akikipiga Baba akingojea chakula. Brida akaniambia nisimame hapo hapo, akaenda kuwaita wenzake.

Wenzake ni wawili. Fintan anafundisha Kiingereza skuli ya wavulana, ndiye mwimbaji na mtungaji. Donal ni mpima barabara, ndiye mpiga ngoma. Hao watatu ni bendi toka kwao, na jina la bendi maana yake ni Kabati la Shangazi, kwa sababu walianzia nyumbani kwa shangazi yake Fintan na magitaa yalikuwa yakilala kabatini kwake. Muziki wao usiudhanie kelele. Nyimbo fupi, gitaa linalia kama vijiko ndani ya vikombe, na Fintan anaimba kama mtu anayekulalamikia huku anacheka. Zamani kampuni kubwa ya sahani za santuri iliwaita London, ikamwambia Fintan abadilishe matamshi, aimbe kama watu wa kule. Akawajibu sauti yake ndiyo hiyo, wakitaka nyingine wamtafute mtu mwingine. Wakarudi kwao, wakawa wanarekodi wenyewe, wanabandika karatasi wenyewe, wanapeleka dukani kwa baiskeli. Huku walikuja kwa kazi, wakaja na bendi yao.

Tunafanya mazoezi Alhamisi mchana, kwenye kontena la kambi ya barabara, njia ya Al Mintirib. Joto lake usiombe. Mlango tunauacha wazi, mbuzi wanaingia, na Donal anawatoa kwa kijiti cha ngoma bila kuacha kupiga. Mle ndani, dada, nimecheka kuliko nilivyocheka tangu nishuke ndege nchi hii. Hakuna aliyeniuliza wa wapi. Waliniuliza tu kama naweza kukirudia kile kipande cha Baba polepole, ili wimbo uanzie hapo. Nikakirudia. Kisha Fintan akataka ubeti mmoja niimbe mwenyewe kwa Kiswahili, na nikauimba.

Tukarekodi kaseti, nyimbo sita. Tunazinakili moja moja kwa mashine mbili zilizotazamana, na majina tunaandika kwa mkono. Hapo ndipo pa balaa. Wao waliandika Fintan, Brida, Donal, basi. Kalamu ikafika kwangu, na wewe unajua sisi tunavyoandika jina. Nikaandika la kwangu, la Baba, la babu, na mwisho nikatia na la kabila, kama nilivyozoea kwenye fomu zote za nchi hii. Brida akanakili hivyo hivyo kwenye kaseti zote. Sikufikiri lolote, wallahi.

Nyingi zikapelekwa kwao Ireland kwa posta. Moja Donal akampa bwana mmoja wa Sinaw anayeuza mbuzi, kwa urafiki tu. Yule bwana akawa anaipiga kwenye gari lake sokoni, milango wazi, mbele ya watu waliokuja kununua ngamia. Akapita jamaa yetu mmoja aliyezaliwa Tabora, akasikia Kiswahili, akaomba kuona kaseti. Akasoma jina mpaka mwisho. Mimi kurudi Ibra kutoka mazoezini, Ami ameshajua.

Kwa hapa, dada, mtu wa ukoo kushika ala ni aibu. Ala ni za watu wengine, waliokuwa wakichezeshwa harusini. Najua kule kwetu Baba alikuwa anavaa koti lake jeupe, anakwenda klabuni na udi wake, na watu wanamwita bwana. Hapa Ami amelizika jambo hilo kwa miaka, hata picha ya Baba aliyonayo ameikata chini, udi usionekane. Siku niliyoiona nilidhani imetafunwa na panya.

Sasa nikwambie ya sabla. Sabla ni lile baraza la wanaume wa kabila, mnakaa chini ukutani pande zote, kahawa inazunguka na tende. Mgeni au mtu aliyeitwa akishakaa, mkubwa wao anamuuliza kama kuna habari. Na yeye lazima ajibu hakuna, hata kama nyumba yake inaungua. Ya kweli yatatoka baadaye, taratibu, au hayatatoka. Sisi tuliotoka Afrika tunakosea hapo kila siku, tunaulizwa tu tunaanza kumwaga.

Ami alinichukua kwa gari lake Jumanne, baada ya Alasiri. Njiani akaniambia, "Sikiliza, mwanangu. Hawatakugombeza. Watakuuliza khabari, utasema hakuna. Khalas. Watajua umekubali. Zile kaseti zilizobaki utafuta jina, utaandika unalotaka, Ali, Juma, mimi sitaki kujua. Ukipiga huko jangwani na Wazungu wako, pigeni. Jina tu."

"Na Asila?"

"Asila ni wako, mwezi ujao tunasoma khutba ya ndoa. Ukisema hakuna."

Nakuapia alikuwa ananihurumia. Jasho lilikuwa linamtoka kuliko mimi. Nami nilikuwa nimekata shauri la kukubali, usinidhanie shujaa. Nilikuwa nauona mwezi ujao, namuona Asila.

Tukaingia, tukasalimu mmoja mmoja, tukakaa. Mkubwa wao ni mzee Saud, aliyekuwa na duka Unguja kabla ya mapinduzi. Kahawa ikapita. Akaniuliza kwa Kiarabu, kwa upole kabisa, "Kuna jambo lolote, ewe mwana? Kuna khabari?"

Nikafungua mdomo niseme hakuna. Nikaiona ile picha iliyokatwa.

"Habari ipo, ami zangu," nikasema, kwa Kiarabu changu hiki ambacho vijana wa hapa wanakicheka. "Jina lililo kwenye kaseti ni langu, na sitalifuta. Ninapiga gitaa. Kipande cha mwanzo ni cha marehemu baba yangu, aliyekuwa akipiga udi klabuni, Unguja, mbele ya watu. Nanyi baadhi yenu mlikuwa mkija, mkipewa viti vya mbele."

Kijana wa kumimina kahawa alisimama na dele lake mkononi hajui ampe nani. Ami aliinamisha kichwa, akawa anatazama zulia.

Mzee Saud akatikisa kikombe chake, ndiyo kusema imetosha, akakirudisha. Kisha akasema, na akasema kwa Kiswahili, kwenye sabla ile ambamo sijapata kusikia Kiswahili hata siku moja, "Nasor alikuwa akipiga udi vizuri." Akageuka, akamuuliza jirani yake habari za maji ya falaji, ule mfereji wa mashambani.

Ami alinirudisha nyumbani kwa gari. Nilipotoka kusali Magharibi nilikuta nguo zangu zimeshakunjwa, na posa imesimama. Sikugombana naye. Nilimbusu kichwa, nikachukua sanduku na gitaa nikatoka.

Asila anajifunza uuguzi, yuko wodi moja na Brida, hivyo ya nyumbani yananifikia. Babake alimwambia kwamba mimi nimemtupa kwa ajili ya kaseti. Akamjibu, "Baba, kama angesema hakuna khabari, mimi ningejuaje nimeolewa na nani?" Sasa Ami hasemi na mimi wala na yeye. Anakula peke yake, masikini, na mimi namwonea huruma kweli. Lakini sirudi nyuma.

Wenzangu mikataba yao inakwisha kabla ya Ramadhani. Wameniomba twende wote Ireland, shangazi yake Fintan bado ana kabati. Nimewashukuru, nimekataa. Kupiga kule si kazi, hakuna atakayeniuliza kitu. Mimi nataka kupiga hapa, Ibra, mchana, mlango wazi. Gitaa moja wananiachia.

Nisalimie shemeji, mwambie dawa yake ya kifua nimeipata, nitampa mtu anayekuja. Nisalimie Bi Mkubwa wa nyumba ya pili aliyetulea, mbusu mikono yote miwili. Wasalimie wapwa zangu, na mzee wa klabu aliyekuwa akimshikia Baba udi, kama yu hai.

Ndani ya bahasha kuna kaseti. Usiifiche kabatini chini ya kanga, nakujua. Ipige dirisha wazi. Na watu wakikuuliza habari za ndugu yako wa Oman, usiwajibu njema. Wasomee jina, mpaka mwisho.

Ndugu yako,
Khalfan bin Nasor