Nyumba Iliyozoea Bega

Jumatatu, 13 Januari
Jirani, Bwana Torigoe, amemaliza kubomoa nyumba yake. Anataka maegesho ya magari! Nyumba zetu zilibanana tangu enzi za babu wa marehemu mume wangu. Sasa ukuta wangu wa magharibi uko uchi — udongo na fito, theluji inaupiga. Nikamwuliza, na mimi je? Akacheka. "Mama Miso, kila nyumba ina miguu yake." Mshenzi! Duka hili la humu nyumbani nimelifufua mwenyewe, pipa moja la miso, soya ya kuchachusha, baada ya jingine.

Jumatano, 15 Januari
Mlango wa mbele, wa kusukuma kando, umekaza. Nimeupiga randa milimita mbili. Ukateleza. Jioni umekaza tena! Nikaning'iniza uzi wenye jiwe la mizani juu ya nguzo kuu. Chini umeachana nayo sentimita tatu. Nguzo inalalia kwa Torigoe — yaani, hewani.

Ijumaa, 17 Januari
Fundi Kuwabara kaja. Kautazama uzi, kavua kofia. Sikuipenda ile kofia kuvuliwa. Anasema nyumba haina msumari, imekaa juu ya mawe tu. Huyumba na matetemeko, ikarudi. Lakini ilizoea bega la jirani. Kisha kaona takataka za randa. "Nani kauranda mlango?" Mimi. "Dada, huo si mlango tena. Ndio unaobeba boriti. Usiuguse mpaka nilete magogo ya kuegemeza kesho."

Jumamosi, 18 Januari
Theluji sentimita sabini paani. Barabara imefungwa, Kuwabara kakwama. Mlango wa nyuma umezikwa. Uzi: sentimita tano! Nikamwomba mama mkwe, ninayeishi naye, tutokee dirisha la ghala. "Niliingia hapa bibi harusi, kwa mlango wa mbele. Nitatoka kwa huohuo, nimebebwa. Dirishani hutoka mwizi." Nikamwambia atabebwa leo! "Basi nipe chai kwanza."

Boriti imelia. Mlio mrefu, kama mtu anayenyanyua gunia.

Nimetoa kichwa dirishani, nimemwita Torigoe. Mimi! Tingatinga lililobomoa bado liko kiwanjani. Nikamwambia aegemeze mkono wake wa chuma kwenye ukuta wangu. Hakucheka. "Ule ni udongo, Mama Miso. Nikikosea shabaha naingia hadi jikoni." Nikamwambia nitagonga kwa nyundo, ndani, pale ilipo nguzo. Afuate mlio.

Amekubali. Injini ipate moto kwanza, baridi hii. Nyundo iko mapajani. Mama mkwe hataki kusogea. Kakaa hapohapo kati ya nguzo na mlango, kimono nyeusi ya sherehe mwilini.

Injini imeshika. Mama mkwe anauliza mbona chai yake inatikisika.