Nafasi Niliyotaka Kuikataa

Daejeon,
23 Machi

Mpendwa Mama Mdogo Miok,

Pokea shikamoo yangu. Hujambo huko Santiago? Goti limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi za dukani? Mimi ni mzima, na Bibi, mama yako, naye ni mzima, ndiyo maana nimepata utulivu wa kukuandikia mambo ambayo kwenye simu yalikuwa hayasemeki vizuri nilipokuwa nyumbani Jeonju, mwenyewe amekaa pembeni anasikiliza.

Vuli iliyopita Bibi alikabwa na kidonge. Ule ugonjwa wake wa kutetemeka umeshafika kooni, hata kumeza ni kazi. Mdogo wangu Kyucheol alimwinamisha, akampiga mgongoni mpaka kikatoka. Mimi, mfamasia wa hospitali miaka yote hii, nilisimama kama sanamu na glasi ya maji mkononi.

Tangu siku hiyo sikutulia. Ndipo nikaona tangazo la chuo kimoja hapa Daejeon: nafasi moja ya shahada ya uzamivu katika sayansi ya dawa, ada na posho vinalipwa, kwa mtu atakayetafiti dawa nyembamba kama karatasi, ya kuwekwa ulimini ikayeyuka yenyewe. Niliomba bila kumwambia mtu.

Kwenye usaili Profesa Maeng, mama mmoja mwenye sauti ndogo, aliniuliza, "Una miaka thelathini na saba. Waliokaa hapo nje wametoka darasani juzi. Nikuchukue wewe kwa nini?"

Nikamjibu kwamba wazee wengi wamekaukiwa na mate kwa sababu ya dawa nyingine wanazotumia, na dawa ya ulimini bila mate haiyeyuki. Nilidhani nimepiga penyewe.

"Hilo tunalijua," akasema. "Ndilo linalotushinda. Utavumilia kushindwa miaka minne?"

Nikasema nitajaribu. Nikarudi Jeonju nikijua nimekosa. Baadaye wakanipigia kusema nafasi ni yangu.

Furaha haikufika jioni. Ilibidi nihamie Daejeon, nianze mwezi huu wa Machi, na ufadhili haungoji mtu. Na Bibi je? Tangu marehemu mama atutoke sijawahi kukaa mbali na Bibi. Nikaamua kukataa, nikalisema tukiwa mezani.

Bibi akaweka kijiko chini. "Unakataa kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako, Bibi."

"Usinisingizie mimi! Unaogopa kushindwa na watoto wadogo, sema unaogopa. Nikifa kesho, utasema umebaki kulinda kaburi?"

Kyucheol alicheka mpaka kabichi ya kimchi ikamtoka mdomoni. "Nenda, Dada. Mimi nitahamia hapa. Kwanza Bibi ananipenda mimi zaidi."

"Nani kakudanganya?" Bibi akamjibu, wala hakumtazama.

Nilimkasirikia Bibi usiku kucha, Mama Mdogo, kwa sababu alisema kweli. Asubuhi nikatia sahihi.

Kyucheol alihamia kweli. Uji wa mchele wa kwanza aliuunguza, Bibi akamwita muuaji mbele ya majirani. Sasa anajua dawa ipi inasagwa na ipi haisagwi, na akiwa na shaka ananipigia kabla ya kugusa kitu.

Huku maabara mambo si haba. Karatasi zangu za kwanza, zisizo na dawa yoyote ndani, zilivunjika kama majani makavu. Profesa alizigeuza kwa kidole akasema, "Vizuri. Kesho tena." Vijana ninaofanya nao kazi wananiita Dada Mkubwa na kunipakulia chakula kwanza.

Nina ombi. Mpigie mama yako asubuhi za kwake, sauti yake huwa na nguvu. Hatakuambia, lakini huwa anaweka simu mapajani akingoja.

Jumapili Bibi aliniuliza kwa simu kama dawa yake imeiva. Nikaona nisimdanganye. Nikamwambia itachukua miaka mingi, na huenda yeye asiionje.

Akasema, "Basi itieni ladha ya peasi. Hao watakaoionja wasije wakasema mjukuu wangu hajui kupika."

Nisalimie Baba Mdogo Beomseok, na Yurim mwambie dada yake anamkumbuka. Mbingu ziwatunzie afya, na nyumba yenu isikose kicheko.

Mimi mwanao nikupendaye,
Seonhwa