Mpingo Wenye Ukanda Mweupe

Ruhuwiko, Songea

Baba mpendwa,

Shikamoo. Namwomba Mungu barua hii ikukute na nguvu, na mguu ule uwe umeacha kukusumbua. Mimi huku ni mzima, na baridi ya Songea nimeshaizoea. Bukoba ni mbali, lakini agizo lako limenifikia kupitia kaka Deo: nikamwombe radhi Fundi Komba, la sivyo nirudi nyumbani. Simwombi radhi, Baba, na sirudi. Acha nikueleze, maana kaka alisikia nusu.

Akina mama wa jumuiya moja ya Mshangano walituagiza vinara vya altare, vya mpingo. Fundi Komba, mwenye karakana, akanipa jakaranda niikereze, halafu akaniwekea kopo la dawa nyeusi ya viatu. Huku wapo wanaofanya hivyo. Ukipaka na kusugua, mti wowote unakuwa mweusi tii. Nikamwambia walioagiza wametaka mpingo. Akanijibu kwamba mshumaa hauulizi umesimama juu ya nini. Nilichukia sana. Mwenyekiti wao, Mama Haule, alipokuja kutazama kazi, nikamwambia ukweli mbele ya Fundi. Nikafukuzwa papo hapo, na sikulia.

Mama Haule akaniuliza kama naweza kuvifanya mwenyewe. Nikasema naweza, ingawa mpingo sikuwahi kuukereza. Nikaenda Tunduru kwa muuza mbao mwenye kibali, nikagonga kipande kimoja kimoja nikisikiliza mlio, hadi nikapata kikavu kisicho na ufa. Mashine ya kukerezea niliazima. Baba, mti ule una kiburi kunishinda mimi. Patasi inakuwa butu hata hujapumzika, na vumbi lake linawasha koo. Moyo wake ni mweusi, lakini karibu na gome kuna ukanda mweupe, ambao mafundi wengi huutoa wote. Mimi niliuacha makusudi, ili anayetazama aone mti, asione rangi.

Akina mama walipokuja waliguna. Mmoja akasema vina doa, altareni havifai. Niliogopa, sikufichi. Mama Haule akaomba kisu, akageuza kinara na kukwangua kitako chake. Akakwangua tena. Chini ya weusi kulikuwa na weusi.

"Tunavichukua," akasema, "na huo weupe wake."

Sasa wengine wanakuja kuulizia. Kuna siku nakula ugali na mboga za majani tu, lakini nakula kwa jasho la mikono yangu.

Nisalimie Mama, mwambie sweta lake nalivaa kila asubuhi. Msalimie Bibi aliyekuzaa, na shangazi Theonestina aliyenifundisha kusali. Kaka Deo naye mwambie akisikia jambo alisikie lote.

La mwisho, Baba, nalisema nikiwa nimepiga magoti kama ulivyonilea. Nayakumbuka makabati ya mkaratusi uliyoyapaka rangi, yakaondoka karakanani kwako yakiitwa mvule. Nadhani ndiyo maana unataka nimwombe Fundi Komba radhi: akiwa na kosa yeye, unalo na wewe. Siku utakapomwambia mteja jina la mti anaoununua, nipigie simu. Nitafunga patasi zangu nije tufanye kazi pamoja.

Binti yako anayekupenda,
Koku