Kitabu Hakina Masikio

Mama Godeliva,

Nakuandikia kwa kuagizwa, na wewe unajua nisivyopenda kuagizwa. Aliyeniagiza nitamtaja mwishoni. Nikimtaja sasa utanigeuzia mgongo huko uliko, na mengine hutayasikia.

Kasulu kuna baridi. Mvua imenyesha mpaka njia ya kuingia kituoni imekuwa tope la kuvua watu viatu. Mparachichi wako nyuma ya ofisi umezaa sana, na walinzi wanakula bila aibu, maana hakuna tena wa kuwauliza kama waliupanda wao. Kiti chako hakijakaliwa. Si kwa heshima tu. Ule mguu mmoja bado unacheza, na hakuna mwingine anayejua akae upande gani asianguke.

Benchi la wanaongoja kuonwa nalo lipo, tena limejaa kuliko ulivyoliacha. Ulipoanguka pale kanisani, ndugu zako walikuja kukuchukua wakakuzike kwenu Nyabibuye. Wenzangu wote walipanda gari. Mimi niliambiwa, Yustina, baki wewe, lazima abaki mtu wa kuwapokea wagonjwa. Nikabaki. Nilisimama mlangoni nikawaambia watu waliokungoja kwamba hutakuja, wakainuka mmoja mmoja wakaenda zao. Nilikuwa na hasira, Mama. Mpaka leo nina hasira na lile gari.

Sasa nikwambie habari ya mtu aliyeletwa mahali pako. Anaitwa Elia, mshauri nasaha kutoka Dodoma, kijana wa viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Kasulu, wakati wa masika! Nilimshuku kuanzia hapo. Alikuja na maboksi mawili ya vijitabu, akayaweka juu ya meza yako, akasema hivi ni vya wanaongoja zamu. Mtu asikae wiki nyingi mikono mitupu, apewe cha kujisaidia nacho mpaka atakapoonwa. Alisema kwa upole, huku akitabasamu. Mimi mtu akitabasamu akiwa na boksi mkononi huwa natafuta mlango wa nyuma uko wapi.

Nikajiambia, nimeelewa. Hii ni namna ya kuwafukuza watu kwa adabu. Leo ni cha kushika ukingoja, kesho wakubwa watasema kama wana kitabu, wanangoja nini? Na keshokutwa hakuna mshauri, kuna boksi.

Nilimpigia simu mzee Zuberi, mshauri mwenzako wa Kibondo. Nilitaka anitie nguvu, na alinitia, ila si kwa namna niliyoitaka. Alisema, "Binti yangu, mgonjwa akijua kujipoza mwenyewe, mimi watanilipa kwa lipi?" Akacheka kile kicheko chake cha kikohozi. Nami nikacheka. Nilipokata simu nikajiuliza kama ule ulikuwa utani.

Kwako wewe sikuwahi kujiuliza. Wewe ulikuwa na neno lako, ukiniita mwanao kwa Kiha: "Kitabu hakina masikio, mwana wanje." Unakumbuka wale wageni walioleta karatasi za mafunzo ya kutuliza moyo? Uliwashukuru, ukawapa chai na mihogo ya kuchemsha, na walipoondoka ukazikunja zile karatasi ukaziweka chini ya mguu wa kiti. Nilicheka mpaka machozi. Nilikuona shujaa. Wewe ulikuwa unamsikiliza mtu mpaka amalize, hata kama maneno yake yalizunguka Burundi nzima kabla ya kufika nyumbani kwake. Akimaliza unainuka naye, mnatoka, unamsindikiza mpaka barabarani. "Mgeni haachiwi mlangoni." Kila mmoja, jua au mvua. Na sisi tunangoja urudi.

Basi Elia akagawa vijitabu vyake. Mmoja wa waliopewa ni Anjelina wa Nyakitonto. Sijui kama utamkumbuka. Mwembamba, mwenye kitenge cha kijani, anauza maharage. Mume wake alipigwa na radi shambani akiwa na jembe mkononi, yeye akiwa mstari wa pili nyuma yake. Tangu siku hiyo wingu likijikusanya, moyo wake unakimbia na mikono inatetemeka hata kikombe hakishiki. Usiku halali. Alipewa kijitabu, akaambiwa zamu yako ni baada ya wiki kadhaa, akaondoka. Hakuna aliyemsindikiza.

Kile kijitabu kinasema hivi: ukiona hofu inakuja, nenda mahali patulivu, kaa peke yako, fumba macho, vuta pumzi, itoe polepole kwa mdomo kama unapoza uji. Maneno mazuri. Huko mjini nadhani hayana shida kabisa.

Lakini fikiria Nyakitonto, Mama. Fikiria mjane ambaye mumewe aliuawa na radi. Kila wingu linapopanda, huyo mjane anaacha kazi, anapita nyuma ya migomba peke yake, anafumba macho, anapuliza. Hasemi na mtu. Mvua ikipita anarudi, uso umetulia. Watu wa kwetu unawajua. Siku ya kwanza walinyamaza. Baadaye wakaanza kuchungulia. Halafu radi ikapiga mbuzi wa jirani, na kufikia jioni kitongoji kizima kilikuwa na jibu: anapuliza mawingu. Radi ni yake. Alianza na mume.

Shemeji zake wakamwambia arudi kwao Murungu. Yeye aende, watoto wabaki, watoto ni wa ukoo. Watoto watatu, Mama, mdogo bado ananyonya.

Alikuja kituoni na mfuko wa nguo. Hakulia. Alikaa mwisho wa benchi na kile kijitabu amekifunga ndani ya kitenge. Aliponieleza nilimgeukia Elia nikamkazia macho. Nilikuwa nimeshinda. Wewe ulikuwa umeshinda. Kitabu hakina masikio, na sasa kilikuwa karibu kumnyang'anya mtu watoto wake.

Elia akasema twende. Hilo sikulitarajia. Nilidhani ataandika ripoti. Tulipanda bodaboda mbili, Anjelina na mimi nyuma ya dereva mmoja, Elia nyuma ya mwingine, na viatu vyeupe vikafika Nyakitonto vikiwa rangi ya tofali.

Walikuwepo mwenyekiti wa kitongoji, shemeji wawili, majirani, na mama mkwe wake, Bibi Veronika, ameketi mkekani na ungo wa maharage mapajani. Elia akaanza kueleza kwa Kiswahili chake cha darasani, mshtuko wa akili, mfumo wa fahamu. Watu walimtazama kama wanavyomtazama mtu wa bima. Nikamwomba aniachie. Nikafungua ule ukurasa nikawasomea, sentensi moja kwa Kiswahili, kisha kwa Kiha. Nikawaambia huyu hapulizi mawingu, anapuliza hofu yake, na sisi ndio tuliomwagiza.

Halafu Bibi Veronika akasema jambo ambalo sitalisahau. "Ego, ndiyo, nimesikia. Lakini mbona hicho kitabu chenu kinamficha? Kwetu aliyefiwa hukaa na watu."

Elia alikichukua kijitabu mkononi mwangu, akausoma tena ule ukurasa.

Wingu lilikuwa linapanda upande wa Burundi, lile jeusi la mchana. Nilimwona Anjelina ameanza kutetemeka, macho yanatafuta migomba. Bibi akapiga mkeka kwa kiganja, akasema njoo hapa, pulizia hapa tukuone. Akamsogezea ungo. Anjelina akakaa, mikono ikaingia kwenye maharage, akafumba macho, akavuta pumzi, akaitoa. Ngurumo ya kwanza ilipopita, nikaona mikono ya bibi nayo inatetemeka. Yule aliyeuawa na radi alikuwa mwanawe, Mama. Nani alikuwa amemuuliza bibi kuhusu hofu yake? Akaanza kupumua pamoja na mkwewe, polepole, wanachambua maharage, mabovu huku, mazima kule. Shemeji mmoja alitazama chini. Mwenyekiti akavua kofia, sijui kwa nini, akasema basi, mwenye kazi mkononi hatuna neno naye.

Mvua ilipokatika hapakuwa na aliyetaja tena Murungu. Mfuko wa nguo ulirudi ndani.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kusema nawe uso kwa uso. Wakati wa kuaga nilimnyooshea Anjelina mkono anirudishie kijitabu. Niliona tumeshapata funzo. Akakibana kifuani. Akasema, "Dada, msininyang'anye. Siku zile chache kabla hawajanisema, nililala." Kisha akasema pole pole, bila ubaya wowote, kwamba alikuja kwako mara nyingi. Alikaa kwenye benchi, giza likakaribia, akarudi kwa miguu bila kuonwa. "Mama Godeliva alikuwa mtu mzuri. Zamu yangu tu haikufika. Angenipa hata neno moja la kushika njiani."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawahesabu wengine wa benchi lile.

Mama, nimemshuku Elia, nimemshuku Zuberi, nimelishuku boksi. Sasa nakushuku wewe. Nasema hivyo nikiwa na maumivu, maana hakuna mtu niliyempenda katika kazi hii kuliko wewe. Yale maneno kwamba kitabu hakina masikio, uliyasema kwa ajili yao au kwa ajili yako? Ulipotoka na mgonjwa mmoja kumsindikiza mpaka barabarani, uliwaona wale kumi wanaobaki? Ulipenda benchi lijae? Nauliza tu. Nilikuwa nakutazama ukipita mbele yao asubuhi, wanavyoinuka wote kukusalimu, na uso wako ulivyokuwa unang'aa. Labda mtu anayehitajiwa hivyo hawezi kumpa mgonjwa kitu cha kumfanya amhitaji kidogo. Labda nakuonea. Huwezi kujibu, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Hivi ndivyo tunavyofanya siku hizi. Hakuna anayejichotea kijitabu kwenye boksi. Mimi nakaa naye benchini, tunasoma pamoja, asiyejua kusoma namsomea. Namuuliza nyumbani kuna nani, nani atamsomea akisahau, atakaa wapi, watu watamwona anafanya nini. Kama ana mtu wa kuja naye, aje naye. Halafu anapewa siku yake ya kuonwa, kwa mdomo wa Elia mwenyewe, na siku hiyo haibadilishwi. Kisha namsindikiza. Nimemwambia Elia siku wakubwa watakaposema kijitabu kinatosha, nitayachoma hayo maboksi mbele ya ofisi na yeye atanishikia kiberiti. Akasema sawa. Nilimtazama sana kuona kama anatania. Bado namtazama.

Mzee Zuberi bado anakataa. Juzi lakini alinituma nimpelekee nakala moja, ya kuangalia tu, eti aone makosa.

Haya, nimtaje aliyeniagiza. Wewe huenda umeshamjua. Tangu uondoke silali, Mama. Nakaa kitandani naisikia injini ya lile gari lililokupeleka Nyabibuye. Elia hawezi kunihudumia kwa sababu tunafanya kazi chumba kimoja, kwa hiyo nimeandikiwa zamu Kibondo kwa mzee Zuberi, na mimi sasa ni mtu wa kungoja kama wengine. Ukurasa wa mwisho wa kile kijitabu unasema: kama kuna uliyempoteza na hukumwaga, mwandikie. Mwambie yaliyobadilika. Mwambie hata yanayokuudhi.

Niliusoma nikaguna. Nikakitupa kijitabu juu ya meza. Jana nikakiokota, basi aliyeniagiza ndiye huyo, kijitabu.

Kitabu hakina masikio, ulisema. Ni kweli, na wewe pia sasa huna. Lakini nimekaa hapa kwenye benchi nimekwambia yote, chai imepoa, na kifua changu ni chepesi kidogo kuliko nilipoanza. Sijui ni kazi ya nani, yako au ya kijitabu. Naendelea kushuku.

Nakuahidi hili. Hakuna atakayetoka mlango huu mikono mitupu, na hakuna atakayetoka peke yake. La kwanza umenifundisha kwa kukosea, la pili kwa kupatia, na yote mawili ni yako.

Mgeni haachiwi mlangoni. Siku ile waliniacha mimi na benchi lako, sikukufikisha popote. Leo nimeinuka na barua hii mkononi, nimetembea nawe mpaka hapa barabarani. Nenda salama, Mama. Mimi narudi ndani, kuna watu wanangoja.

Mwanao,
Yustina