Miti Iliyochongwa Mtoni

Goma, Jumapili alasiri, mwezi wa sita, 1956

Ukungu umeuficha mlima wa Nyiragongo tangu asubuhi, na harufu ya kiberiti imeingia hadi kanisani. Nimerudi kutoka misa bila kupokea komunyo. Ningewezaje kupiga magoti na kudai kwamba nimemsamehe yule bwana?

Sijamsamehe.

Niandike kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa. Mimi ni mchoraji wa ramani katika ofisi ya upimaji, mwenye diploma. Kwa wiki tano nilitembea kando ya mto unaoshuka kutoka milima ya Masisi, nikapima kila poromoko kwa kamba, vidole vikifa ganzi kwa baridi ya huko juu. Mkuu wangu, ambaye sisi humwita Bwana Kofia, alibaki Goma. Yeye ndiye anayeandaa safari ya kuuteremka mto huo kwa kayaki, mitumbwi myembamba ya turubai iliyoletwa kutoka Ulaya ndani ya masanduku. Aliniahidi nafasi katika mtumbwi wa pili.

Ijumaa aliitandaza ramani yangu mbele ya wageni wake, jina lake likiwa limeandikwa chini. Bibi mmoja akauliza kazi safi namna ile ni ya nani. "Ni yangu," alijibu, kisha akanionyesha kwa kidevu. "Huyu alinibebea vyombo." Nafasi yangu amempa mpwa wake.

Nami nikasema, "Ndiyo, bwana."

Hata hivyo, ramani ile haina kila kitu. Mvua kubwa zikipungua, kila ukoo wa huko juu hufunga sehemu yake ya mto kwa safu ya miti iliyochongwa ncha, na kati ya miti hukaa vikapu vya kunasia samaki. Ncha hukaa chini kidogo ya uso wa maji. Huzioni mpaka umezifikia. Wazee wakiombwa mapema, kwa heshima na mtungi wa kasiksi, pombe yao ya ndizi, huing'oa. Wasipoombwa, miti hubaki pale pale. Nilipopita mimi, mvua zilikuwa bado zinanyesha, na miti ilikuwa imelazwa ukingoni. Sasa imesimama, na safari ni Alhamisi.

Nilijua haya yote, nikanyamaza. Hakuniuliza. Nakiri kwamba usiku wa Ijumaa nililala vizuri.

Leo, nje ya kanisa, nilikutana na Papa Bahati, mzee wa kabila la Wahunde aliyeniongoza katika wiki zile zote. Alivaa koti jipya la kizungu, lenye mikono mirefu kupita kiasi.

"Musomi, muzungu wako amewaomba wazee wafungue mto?"

"Hajaniuliza habari hiyo, papa."

"Na mudomo wako, uliuacha kule masomoni?" Alicheka, akayapangusa mabega ya koti. "Nilizania umeshamwambia. Mimi nitakaa mbele kwenye mutumbwi wake, nimuonyeshe njia. Koti hili ndilo alinipatia."

Nilimwambia akatae. Alinitazama kana kwamba mimi ni mtoto aliyepotewa na akili. Ameshakubali, alisema, na mutu akikubali harudi nyuma.

Basi kisasi changu kimebadilika umbo, hakijapungua.

Kesho saa nne, wageni wale wale watakusanyika ofisini kwa mkutano wa mwisho. Bwana Kofia ataeleza mto ambao hajawahi kuuona. Nitamwacha amalize. Kisha nitaomba ruhusa, kwa Kifaransa changu bora kabisa, na kumuuliza aonyeshe kwenye ramani yake mahali ilipo miti. Atakapokosa, nitaionyesha yote mimi, ukoo kwa ukoo, na safari itaahirishwa. Huenda nikafukuzwa kabla ya adhuhuri. Papa Bahati atakuwa hai.

Ningeweza kwenda kwa Bwana Kofia jioni hii na kumwambia faraghani. Nyumba yake naiona kutoka dirishani. Taa ya baraza imeshawashwa. Kufika huko ni mwendo wa dakika kumi.

Siendi. Nimepiga pasi shati jeupe, na ninaomba kwa Mungu yule yule niliyemkwepa asubuhi: kesho bwana asinitaje kuwa ndiye niliyeichora ramani, nisije nikakosa sababu ya kumwaibisha.