Pistoni za Kufuliwa

Kipkurui mjukuu wangu,

Majani chai yamechumwa yakachipuka tena na tena, na wewe hujakanyaga hapa. Hata ng'ombe aliyepotea hukumbuka zizi.

Gari lako la turbo bado liko kwa Ogeto, fundi wa Sigor. Anasema pistoni zilipasuka, na mpya ziko za kumiminwa kwenye kalibu na za kufuliwa. Nikamuuliza, "Kwani pistoni ni nguo?" Akacheka. "Kogo, zinafuliwa kama jembe kwa mhunzi. Turbo ikisukuma hewa kwa nguvu, za kumiminwa zitapasuka tena."

Kisha akanieleza ulivyomwambia kwa simu: "Weka za kumiminwa tu, hiyo gari namuuzia Sally."

Sally ni mjukuu wangu kama wewe. Anataka gari ampeleke mtoto wake mgonjwa hospitali Longisa. Ungemwacha njiani na mtoto mgongoni? Wewe ulimiminwa, Kipkurui, hukufuliwa. Nimemwambia Ogeto aweke za kufuliwa, na wewe utalipa.

Unajua mimi sikusoma. Anayeandika maneno haya ni Sally mwenyewe.

Ukija, usianzie kwangu. Piga hodi kwake. Akikufungulia, njoo, mursik yako, maziwa ya mgando, iko kwenye kibuyu.

Kogo wako