Usinitumie Tena Dawa ya Goti

Mwanangu kitindamimba,

Mimi mzima, ila goti limenigeuka. Ile dawa ya kuchua uliyotuma imefika. Nilijipaka mbele ya yule binti anayekuja kunifanyisha mazoezi ya viungo, nikainuka kunawa, akanidaka mkono. "Babu, futa kwanza kwa karatasi, uitupe kwenye pipa! Ukinawa hivyo, dawa inakwenda mtoni kuumiza samaki."

Nikamwambia, "Wewe mtoto wa juzi! Mabomba ya mtaa huu wote nimeyafunga mimi."

"Basi babu unajua sinki lako linamwaga wapi."

Kweli. Linamwaga mtoni, na bomba nililipeleka mwenyewe. Nikafuta huku nimenuna.

Sasa anataka nipunguze kupaka, nizidishe mazoezi. Nilale chali, ninyanyue mguu, mtu anishike kisigino. Mtu gani? Marehemu mama yako angeshika. Jirani alishika akacheka, nikamfukuza. Juzi nilianguka bafuni nikakaa sakafuni mpaka adhuhuri, lakini hilo si la kuandika.

Dawa basi. Mikono yako inatosha kunishika kisigino, njoo nayo mwenyewe.

Ni mimi baba yako, fundi ambaye bado hajashindwa.